Siku 12 ndani ya Hiace: Tanga hadi Mtwara na kurudi kwa Sh1.08 milioni

*Mume na mke waligeuza daladala bovu kuwa nyumba ya safari. Daftari lao la matumizi lina somo kwa mkulima na mchuuzi wa kando ya barabara*

Na Mwandishi Wetu

KWA miezi saba Hiace yetu ilikaa nyuma ya nyumba ikiwa juu ya matofali. Ilishindwa kazi ya daladala. Hesabu ya jioni ilikuwa haitoshi hata kulipia vipuri, na dereva wa tatu alipoacha kazi tukaona heri tupumzike.

Jirani mmoja akatoa bei ya kuinunua. Mimi nilikuwa tayari kuuza. Mke wangu, ambaye ana genge la matunda na vyakula hapa Tanga, alikataa. Alikuwa amesikia kuwa wapo watu wanaokodisha magari yenye vitanda kwa watalii, mgeni analala humo humo na kupika humo humo, na akaniambia, “Baba, badala ya kuuza kwa bei ya kutupa, tulitengeneze tukodishe.”

Nikamjibu kuwa biashara usiyoijua ni sawa na kutia fedha baharini. Baada ya mabishano ya wiki nzima tukafikia mwafaka. Kabla ya kukodisha kwa mtu mwingine, tutasafiri sisi wenyewe kama wateja. Tutapita pwani yote kutoka Tanga hadi Mtwara, tutaandika kila shilingi, na bajeti isizidi Sh1 milioni. Tukirudi, daftari ndilo litakaloamua.

Safari hiyo tuliifanya Julai 2025. Makala haya ni matokeo ya daftari hilo.

Maandalizi

Seremala wa mtaani alitoa viti vya nyuma na kutengeneza kitanda cha mbao chenye masanduku chini yake. Tukaweka godoro, mapazia, chandarua, taa ya sola, mtungi wa gesi wa kilo 6, madumu mawili ya maji ya lita 20 na ndoo yenye mfuniko kwa dharura ya usiku. Kazi yote ilitugharimu Sh640,000, na hizi hatukuzihesabu kwenye bajeti ya safari kwa kuwa zilibaki kuwa mali ya gari.

Gari lilikuwa limesajiliwa kwa biashara ya abiria, hivyo ilibidi tubadilishe matumizi yake na namba zake zikatoka nyeupe zikawa za njano. Tulikata bima kubwa badala ya bima ndogo. Bima ndogo humlipa mtu uliyemgonga, lakini gari lako likiungua au likiibwa unabaki na funguo mkononi.

Mwezi wa saba tuliuchagua kwa sababu masika yamekwisha, vuli bado, na machungwa ya Muheza yamekomaa. Hasara yake ni kwamba upepo wa kusi huchafua bahari, wavuvi wengi hawaendi mbali na samaki hupanda bei. Mwenye kupanga safari ya pwani azingatie hilo.

Faini siku ya kwanza

Tulitoka Tanga alfajiri tukipitia Muheza na Segera, kisha tukashika barabara ya Chalinze hadi Msata, ambako tulikata kushoto kwenda Bagamoyo kupitia Kiwangwa, eneo lenye sifa ya mananasi.

Kabla ya kufika Msata tukakutana na tochi. Nilikuwa kwenye kilomita 64 kwa saa katika eneo la kilomita 50. Kosa ni langu na nililipa Sh30,000. Kwa aliyezoea kuendesha mjini, ajue kuwa barabara hizi zina vijiji vingi, na kila kijiji kina kibao chake cha 50.

Usiku wa kwanza tulilala Bagamoyo, mji uliokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891. Tuliegesha kwenye eneo la kupigia mahema kwa Sh20,000, choo na bafu vikiwemo. Siku iliyofuata tuliona magofu ya Kaole kisha tukaenda Dar es Salaam, ambako tulilala kwa ndugu usiku mbili bila gharama.

Mpaka hapo safari ilikuwa laini. Elimu ilianza tulipovuka Mbagala kuelekea kusini.

Meza 31 za kando ya barabara

Kuanzia Mkuranga hadi Kibiti kila baada ya kilomita chache kuna meza: nazi, madafu, machungwa, mihogo, korosho za kukaanga, mkaa na mikeka. Mke wangu, kwa kuwa na yeye ni mchuuzi, alianza mchezo wake. Kila tuliposimama kwa nia ya kununua aliandika meza ile, tulichonunua, na kama hatukununua aliandika sababu.

Hadi tunarudi nyumbani tulikuwa tumesimama kwenye meza 31. Tulinunua kwenye meza 19. Kwenye meza 12 tuliondoka na fedha yetu mfukoni, ingawa tulisimama tukiwa na hamu ya kununua. Sababu zilikuwa hizi:

Meza nne, bei ilibadilika. Mteja wa pikipiki aliyetutangulia alitajiwa bei moja, sisi tuliposhuka kwenye gari tukatajiwa nyingine.

Meza tatu, bidhaa iliuzwa kwa kipimo kikubwa tu. Watu wawili wanaolala kwenye gari hawawezi kununua gunia la machungwa wala mkungu mzima wa ndizi.

Meza tatu, hapakuwa na mahali pa kuegesha. Ukisimama, nusu ya gari iko kwenye lami na lori linakuja nyuma yako.

Meza mbili, hapakuwa na chenji, na muuzaji hakuwa na namba ya kupokea malipo kwa simu.

Msomaji utaona kuwa hakuna hata meza moja tuliyoiacha kwa sababu bidhaa ilikuwa mbaya. Mkulima alikwishafanya kazi yake shambani, mzigo ukaharibikia kwenye hatua kumi za mwisho, kati ya meza na dirisha la gari.

Kuhusu korosho za kukaanga, tatizo ni kifungashio. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, baadhi ya wauzaji wamehamia kwenye karatasi. Hilo ni jema, lakini karatasi iliyofunguka juu huingiza vumbi na unyevu, na korosho ikilegea haina ladha. Tuliyemkuta amezifunga vizuri, na ameandika uzito na bei, tulinunua kwake pakiti tatu bila kubishana.

Tairi lapasuka, tunapata mwenyeji

Usiku wa nne tulilala Ikwiriri kwenye uwanja wa kituo cha mafuta baada ya kuomba ruhusa, na asubuhi tukampa mlinzi Sh5,000. Kisha tukavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Wazee wa biashara ya kusini wanakumbuka enzi za kivuko, ambapo lori la nazi lingeweza kusubiri hadi mzigo ukaota.

Barabara hii bado ni roho ya watu wa kusini. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua kubwa ziliikata eneo la Somanga na wasafiri na mizigo ya Lindi na Mtwara wakakwama. Mfanyabiashara wa bidhaa zinazooza anayepita njia hii wakati wa mvua asikose kuulizia hali ya barabara kabla ya kupakia.

Sisi hatukupata mvua. Tulipita Somanga salama, na kabla ya kufika Nangurukuru, jua likikaribia kuzama, tairi la nyuma likapasuka. Tairi la akiba lilikuwa kuukuu na sikuthubutu kuliendesha usiku.

Mbele kidogo palikuwa na nyumba yenye mwembe mkubwa na meza ya madafu. Tulimwamkia mama mwenye nyumba, naye akaitikia, “Marahaba wanangu, poleni, sogezeni gari huku ndani.” Alimtuma kijana kwenda kumwarifu mwenyekiti wa kitongoji kuwa kuna wageni, jambo ambalo kila msafiri anayelala kijijini anapaswa kulifanya.

Alitupatia maji ya kuoga na kutuonyesha choo. Kilikuwa cha shimo, kimesakafiwa kwa saruji, kina mlango unaofungwa, na ndani kuna ndoo ya maji na sabuni. Mke wangu alitoka akasema hicho ndicho choo safi kuliko vyote tulivyoviona tangu tutoke Dar es Salaam, vikiwemo vya kulipia.

Kwa kuwa tulijisikia tuko salama, tulianza kutumia fedha. Tulikula wali kwa samaki wa nazi, sahani mbili Sh12,000. Madafu manne Sh4,000. Asubuhi chai na vitumbua Sh4,000. Nafasi ya kulala alikataa kuitoza, lakini tulimwachia Sh5,000 ya shukrani. Jumla Sh25,000.

Nilimuuliza kwa siku ya kawaida meza yake huingiza kiasi gani. Alisema Sh6,000 au Sh7,000. Gari moja lililoegesha usiku mmoja chini ya mwembe wake lilimwingizia zaidi ya mauzo ya siku tatu, na mama huyu hakuwa amepanga biashara yoyote ya wageni. Alikuwa na kivuli, choo safi na ukarimu.

Kilwa, Lindi na kishawishi cha kangomba

Kilwa Masoko tulikaa usiku mbili. Ukifika huko usiache kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, baada ya kupata kibali. Magofu yake pamoja na ya Songo Mnara yaliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 na kuusifu mji huo. Utajiri wake ulitokana na biashara, hasa ya dhahabu iliyopitia bandari yake kutoka kusini.

Kutoka hapo tulipita Lindi na kulala usiku mmoja, kisha Mikindani, bandari ambayo Dk. David Livingstone aliianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866, na hatimaye tukaingia Mtwara. Njia nzima mikorosho ilikuwa inachanua, na harufu ya salfa inayopulizwa kuzuia ubwiriunga ilituingia hadi ndani ya gari.

Huo ndio mwezi mkulima wa korosho anahitaji fedha na hana. Jioni moja kijana alikuja kwenye gari letu na pendekezo. Tumpe fedha sasa, naye atatutafutia wakulima watakaotukabidhi korosho ghafi mwezi wa kumi kwa bei ya chini sana. Hiyo ndiyo kangomba, ununuzi wa korosho ghafi nje ya mfumo rasmi. Ni kosa, na ni njia inayomfilisi mkulima, maana anauza jasho la mwaka mzima kabla hajavuna. Zao hilo liliingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani msimu wa 2007/08 ili, pamoja na mambo mengine, kumwondoa mtu wa aina hiyo katikati.

Mke wangu alimwambia, “Mwanangu, mimi nauza genge, siuzi wenzangu,” akafunga mlango wa gari.

Lakini hakurudi mikono mitupu. Alikuwa amebeba Sh360,000 kutoka kwenye mtaji wa genge, jambo ambalo mimi nililipinga tangu mwanzo nikihofia kuwa starehe itakula mtaji. Alinunua kwa risiti kilo 15 za korosho zilizobanguliwa, kila kilo Sh20,000. Wakati wa kurudi tulisimama kwa yule mama wa mwembe, akanunua kwake mikeka mitano kwa Sh12,000 kila mmoja. Usiku wa mwisho tulilala Kibiti, na siku ya 12 usiku tukaingia nyumbani.

Tanga, korosho aliziuza Sh26,000 kwa kilo na mikeka Sh17,000 kila mmoja. Faida ilikuwa Sh115,000. Nimekubali yaishe.

Hesabu kamili

Haya ndiyo matumizi ya watu wawili kwa siku 12, mwendo wa kilomita zipatazo 2,000 kwenda na kurudi:

Petroli lita 204: Sh595,000
Chakula: Sh148,000
Malazi na walinzi, usiku 11: Sh120,000
Tairi la mtumba na fundi: Sh85,000
Viingilio na boti: Sh60,000
Gesi, maji na vocha: Sh42,000
Faini: Sh30,000
Jumla: Sh1,080,000

Tulizidisha bajeti kwa Sh80,000. Ukiondoa faida ya korosho na mikeka, safari ilitugharimu Sh965,000. Kwa jumla ya matumizi, kila siku ilikula Sh90,000, yaani Sh45,000 kwa mtu mmoja.

Zaidi ya nusu ya fedha imeishia kwenye petroli. Anayetaka kupunguza gharama apunguze kilomita, akae siku nyingi mahali pamoja. Bei za juu za mafuta hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, hivyo ni vyema kuangalia tarehe kabla ya kujaza tangi.

Sasa angalia upande wa pili. Msafiri wa aina hii halali hotelini wala hali kwenye migahawa mikubwa. Chakula chake anakinunua sokoni na kwenye meza za barabarani. Kwetu sisi Sh148,000 za chakula karibu zote ziliingia mikononi mwa wakulima na wachuuzi wadogo. Mgeni anayekwenda taratibu na kujipikia anaweza kuwa mdogo kwa hoteli, lakini kwako wewe mwenye tenga la machungwa ni mteja mkubwa.

Wenzetu wa Ufaransa

Wakulima wa Ufaransa waliliona hili mapema. Mwaka 1993 ulianzishwa mpango uitwao France Passion, ambao unawaunganisha wakulima na wasafiri wa magari ya kulala. Msafiri hulipia kitambulisho cha mwaka na kupata orodha ya mashamba. Mkulima humruhusu kuegesha shambani kwake usiku mmoja bila malipo, na gari sharti liwe na choo chake lenyewe.

Msafiri halazimishwi kununua chochote. Lakini aliyelala kwenye shamba la mizabibu, akaamka na kumsalimu mwenye shamba, ni nadra aondoke bila chupa ya divai, jibini au asali. Wamejiunga wakulima wapatao 2,000. Mkulima hajengi vyumba wala haajiri mtu. Anatoa eneo tambarare na kibao cha bei.

Yule mama wa karibu na Nangurukuru alitufanyia hivyo hivyo, bila kuusikia mpango wowote.

Unachoweza kuanza nacho

Kwa mkulima au mchuuzi aliye kando ya barabara kuu, daftari letu linashauri haya:

1. Andika bei kwenye ubao, iwe moja kwa wote. Mwenye gari akishaona ametajiwa bei ya gari, hasimami tena hata kwa jirani yako.

2. Pima kwa mafungu madogo. Machungwa sita, nazi mbili, korosho robo kilo. Mwenye kutaka gunia atauliza mwenyewe.

3. Tengeneza mahali pa gari mbili kuegesha nje kabisa ya lami. Usijenge kibanda cha kudumu kwenye hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007.

4. Weka choo safi chenye maji na sabuni. Mteja aliyeshuka kwa ajili ya choo hununua wakati wa kutoka.

5. Pokea malipo kwa simu na weka chenji tangu asubuhi.

6. Ukiamua kulaza wageni kwa malipo, muone kwanza afisa biashara wa halmashauri yako akueleze leseni zinazotakiwa, na kila mgeni aandikwe na serikali ya kijiji.

Uamuzi wetu

Msomaji atataka kujua Hiace imekuwaje. Hatukuiuza, na wala hatuikodishi. Tulipopiga hesabu ya leseni ya biashara ya utalii, bima ya kibiashara, matengenezo na siku ambazo gari litakaa bila mteja, tukaona mtaji wetu hautoshi. Gari moja kuukuu likiharibika na mgeni ndani yake, faida ya mwezi mzima inaondoka siku hiyo hiyo.

Badala yake tumeanza na kipande cha shamba la michungwa ambalo mke wangu alirithi Muheza, kando ya barabara ya Segera. Tumesawazisha eneo la kuegesha, tumeandika kibao cha bei, na fundi yuko kwenye tundu la pili la choo. Mgeni wa kulala hatujampata hata mmoja hadi ninapoandika makala haya. Lakini magari yameanza kusimama, na wiki iliyopita mashemeji waliniletea hesabu ya machungwa yaliyouzwa kwa mafungu ya sita sita hapo hapo shambani, bila kumngoja mnunuzi wa lori aje kutupangia bei.

Mke wangu ameanza daftari jipya. Safari hii anaandika magari yanayosimama na kuondoka bila kununua, na anataka kujua sababu ya kila moja.